Ua la Mziwanda Limefunika Mkuyu

Nyumbani,
Nyuma ya karakana ya mbao,
Jumapili, 14 Septemba.

Mpendwa mdogo wangu Mziwanda,

Pokea salamu za dada yako mkubwa. U hali gani huko ughaibuni? Kifua kimepona, au bado unakohoa kama trekta bovu? Wifi na watoto hawajambo? Sisi wazima, ila mimi nimechoka, na uchovu wenyewe si wa kulala ukaisha.

Mama anakula vizuri. Goti linamsumbua, ulimi haumsumbui hata kidogo. Shemeji yako bado anashona viatu na bado anaahidi kuziba paa.

Sasa sikia. Unakumbuka kile kijiti cha ua ulichomletea mama ulipokuja mara ya mwisho, umekifunga kwa gazeti bichi? Kilishika. Kilishika mno, ndugu yangu wee. Mama alikipanda chini ya mkuyu wa kisimani, kikatambaa hadi kileleni. Maua yake ya zambarau ni mazuri, sisemi uongo. Lakini kizuri hakikosi ila.

Sisi tulidhani mkuyu unakufa kwa uzee. Majani yalipukutika, makuyu yakakoma, ndege wakahama. Mwishowe nikamwita bwana misitu. Alivunja kijiti cha lile ua, ukatoka utomvu mweupe kama maziwa. Akapasua ganda kavu, mbegu zenye manyoya zikapeperuka.

"Mama, hili si ua, ni gugu la kigeni," aliniambia. "Linapanda juu, linaunyima mti jua, na chini yake hakioti kitu."

Tuliingia pamoja kichaka kinachozunguka kisima. Miche ya migunga imekufa yote, na tawi la mkuyu linalofunika kisima limekauka. Anasema tukikata shina la gugu na kung'oa mizizi yake kabla ya mvua, mkuyu utapona. Mvua ikitangulia, mbegu zitaota kila mahali, na mkuyu tuuhesabu kuni.

Kesho yake nikachukua panga. Mama akaja na kigoda chake, akakaa pale pale shinani.

"Mti wa Mziwanda hauguswi. Anza na mguu wangu."

Nikamweleza maneno ya bwana misitu. Akajibu kwamba bwana misitu hakumzaa Mziwanda. Kumbe kila asubuhi hulimwagilia hilo gugu na kuliuliza limeamkaje. Tena amekata vijiti akavichomeka kwenye kila mti wa kichaka, eti apate wajukuu wa karibu. Nilicheka, halafu nikaingia jikoni nikalia.

Sikulaumu, mdogo wangu. Ulileta zawadi kwa moyo mweupe. Lakini nimechoka kugombana na mama kwa sababu ya mtu asiyekuwepo. Simu yako anaipokea, anacheka nawe, kisha anatoka kwenda kuliangalia ua. Nami nabaki na ndoo mkononi, nautazama ule mkuyu aliotuachia babu.

Salamu kwa wifi, na wanao uwabusu mashavuni. Shangazi mshonaji anakusalimu, na mjomba kinyozi anauliza kama kichwani bado zimebaki nywele. Mungu akulinde na akufungulie njia ya kurudi.

Jana nilimuuliza mama kwa upole ataniruhusu lini kulikata lile ua. Alinishangaa kama nimeuliza jambo la kitoto.

"Siku akija," alisema. "Akishakuja mwenyewe, nitakuwa na haja gani nalo?"

Mvua ni mwezi ujao. Njoo.

Wako akupendaye daima,
Dada yako.