Kiganja cha Mbolea ya Miwa

Malava, 14 Machi 1983

Shemeji Sylvanus,

Natumaini kifua kimekupa nafasi na baridi ya Nakuru. Sisi wazima, hata ng'ombe amezaa.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Unasema tangu tumzike ndugu yako Elkanah, kipande cha mtoni kimelala, basi kiwanda cha sukari kilete trekta kipandwe miwa. Hakijalala. Nina nyanya pale, nimezitia mbolea ya urea iliyobaki kwa miwa. Miwa imeshanifikia hadi dirisha la jikoni. Watoto hawali ugali kwa miwa. Hicho kipande sitoi.

Shemeji yako,
Zilpah

Nakuru, 2 Mei 1983

Mke wa ndugu yangu,

Kifua ni kizuri, asante. Je, watoto?

Jirani yako Erastus alipita hapa. Anasema nyanya zako ni ndefu kukushinda wewe, majani kama msitu, na matunda hakuna. Tucheke ama tulie? Majani utauzia mbuzi? Trekta itakuja Agosti. Mkubwa wa boma sasa ni mimi.

Shemeji yako,
Sylvanus

Malava, 20 Agosti 1983

Shemeji,

Mmeamkaje huko? Huku mvua imetutendea mema.

Ulicheka kwa haki. Nilitia urea kiganja kizima kila shina, vile tunatiaga miwa. Kageha wa ofisi ya kilimo alisimama shambani akashika kichwa. "Mama, urea ni ya majani. Ikizidi, nyanya inanenepa na kusahau kuzaa." Niling'oa zote. Miche mipya niliipanda kwa samadi na kizibo kimoja cha soda cha mbolea ya DAP, ndiyo inakuza mizizi. Urea ikangoja, tena nusu kizibo, mbali na shina. Zimezaa hadi nikaziwekea miti ya kuegemea.

Trekta ilikuja Jumanne. Nilisimama mbele yake. Dereva akasema, "Mama, toka, nimetumwa na mwenye boma." Nikamwambia, "Mkataba wa kiwanda unataka sahihi ya mjane. Unaiona?" Akageuza trekta.

Hata ukija mwenyewe, sitatia sahihi.

Elkanah alikuwa akila nyanya ikiwa bado na joto la jua, akiifuta kwa mkono wa shati. Kila nikifua lile shati, doa haliondoki, nami sisugui sana.

Nimekutumia debe moja kwa basi. Mkila, mnikumbuke.

Shemeji yako,
Zilpah