Ulisema Umezima

Shemeji Wandera,

Kabla hujaichana, soma kwanza. Barua hii nimempa dereva wa lori anayevuka Malaba, yule anayedai amekuona Tororo ukiuza betri sokoni. Nimeibandika gundi mara mbili, maana jamaa ana macho ya kupenda mambo ya watu. Ikikufikia imefunguliwa, ujue ni yeye.

Unanijua. Ulizoea kusema mimi hata mtu akinisalimia nauliza anataka nini. Unakumbuka tulivyoanza ile amplifaya ya gitaa, nyuma ya duka pale Busia? Ulivuka mpaka ukarudi na redio kuukuu ya kabati, tukaitoa matumbo: transfoma, spika, na zile taa zake za kioo, valvu nne. Nilizikwaruza alama kwa msumari, moja moja, nijue zikibadilishwa. Ukanikuta. Ulicheka mpaka ukakaa chini. "Shemeji, na dada yangu je, umemwekea alama wapi?" Mimi sikucheka. Nilijiuliza kwa nini mtu acheke hivyo kama hana nia mbaya.

Lakini haki ya Mungu, zile wiki zilikuwa tamu. Tulikata debe la mafuta likawa kasha, tukatoboa matundu kwa msumari na nyundo. Chuma cha kuchomelea tulikipasha kwenye jiko la makaa. Wewe ulisoma mchoro wa nyaya, mimi nikachomelea waya, kwa sababu mkono wangu ulikuwa umetulia kuliko wako. Siku valvu zilipowaka mara ya kwanza, ukagusa waya wa gitaa kwa kidole, spika ikanguruma, tukakumbatiana kama wajinga. Mama Zuhura wa duka la pili akapiga kelele, "Nyinyi mtachoma mtaa!"

Shida ni kwamba gitaa lilikuwa moja na wapigaji wawili. Mwenye baa kule Malaba alitaka mtu mmoja wa kupiga solo kwenye dansi ya Krismasi, na hakusema nani. Nikaanza kukuchunguza. Ukifanya mazoezi sana, nilisema huyu anaitaka nafasi yangu. Ukiacha mazoezi, nilisema ameshaahidiwa.

Halafu siku ile. Tulikuwa tumeijaribu, ikawa inakwaruza, waya mmoja umelegea ndani. Wewe ulisimama ukutani, kwenye swichi. "Nimezima, wewe endelea." Nikaingiza mkono wa kushoto, ule wa kubana nyuzi. Stima ilinipiga mpaka begani, mkono ukaruka ukaangukia kwenye jiko. Kidole cha shahada hakijanyooka mpaka leo.

Na dansi ukapiga wewe. Ungekuwa mimi ungefikiri nini?

Dada yako Nabwire aliniambia alikuwa mlangoni, alikuona ukizima kwa macho yake. Nikamwambia, "Wewe ni damu yake, utasema nini kingine?" Nikafunga safari mpaka kwenu Namboboto na bandeji yangu. Mama yako akaniletea kuku, nami nikasukuma sahani. Mkwe kukataa kuku kwa wakwe zake! Mzee wako akainamisha kichwa. Nikasema mbele ya wote kwamba ulitaka kuniua kwa sababu ya gitaa. Ukasimama, ukasema, "Nilisema nimezima. Sitasema mara ya pili." Wiki hiyo hiyo ukavuka mpaka, na Uganda ya siku zile haikuwa mahali pa kukimbilia. Hata hilo nililishuku. Nilisema asiye na hatia hakimbii.

Siku hizi natengeneza redio barazani, nyingi ni hizi ndogo za betri. Ikija ya stima, simwachii mtu swichi. Nachomoa plagi mwenyewe, naiweka kwenye kiti, naikalia. Watu wananicheka, eti fundi anaatamia. Basi wiki iliyopita mtu wa Sigalame akaniletea redio ya valvu kama ile yetu. Nikaiwasha, nikaisikiliza, nikachomoa plagi, nikaikalia, nikaingiza mkono. Stima ikanipiga mpaka begani, vile vile! Niliruka nikageuka. Plagi imelala pale kitini, na hakuna mtu mwingine. Wandera, nilishuku kiti. Nilikipindua nikakiangalia chini.

Nikamwendea Ali, fundi wa nyaya za malori. Akanishangaa. "Fundi mzima hujui kapasita? Hiyo inaweka stima ndani, hata ukizima. Lazima uimalize kwanza na bisibisi, ndiyo uguse." Mchoro wetu haukusema hivyo. Wewe hukujua, mimi sikujua. Nikakaa pale pale kwenye tairi zake.

Ulizima, shemeji. Naandika mara moja, lakini moyoni nimelirudia wiki nzima. Na kuna jambo linaniuma kuliko kidole: nadhani nilitaka uwe na hatia. Bila hatia yako, mkono wangu uliharibiwa na ujinga wangu mwenyewe, na hilo sikuweza kulimeza.

Vita ya huko Uganda imekwisha, njia imefunguka. Nataka kwenda Namboboto niseme mbele ya wale wale, mzee wako na mama yako wakiwa bado hai, na nataka uwe umekaa pale ukinisikia. Nashuku hutakuja. Safari hii naomba sana niwe nimekosea.

Jana nilimweleza Nabwire yote. Alikuwa anachambua maharagwe, hakuinua uso. "Mimi nilikuambia siku ile ile," akasema. Nikamwambia nitakuandikia. Akachambua, akachambua, kisha akasema, "Mwandikie aje nyumbani. Lakini usimwandikie kwamba mimi nimekusamehe."

Basi hilo sijaandika.

Mimi shemeji yako,
mume wa Nabwire