Jina Alilotaja Mtoto Mwenyewe

Mjukuu wangu Nafula,

Hapa Funyula tu wazima, na bado nampita mumeo kwa sura. Unauliza kama ofisi ya watoto ikiandika jina la huyo mtoto unayemlea itamchukua. Hapana, wanataka kujua nani anamlea, wawe wakija kumwangalia.

Miaka ya sabini, nikiwa kijana mjuaji pale Malaba, nilimpata mtoto amepotea mpakani. Nikampa jina la babu yangu. Karani wa chifu akakataa: "Boss, andikisha jina alilotaja mwenyewe, na nyumba anamolala." Kila Jumatatu alikuja kumwona, nami nikimwita mpelelezi.

Siku moja mama mmoja alivuka kutoka Uganda akimtafuta Okello wake. Karani alifungua kitabu, akamleta mlangoni kwangu. Mama alimkagua mtoto hadi vidole vya miguu, akaniambia, "Umemtunza, mzee." Nilikuwa na miaka ishirini tu.

Waache waandike.

Babu yako