Toa Moto Nje Kwanza

Singida Bomani,
Jumamosi, 10 Machi 1951

Kwa dada yangu mpendwa Selina,

Shikamoo dada. Natumaini barua hii itakukuta mzima, mtoto Leah ananyonya vizuri, na shemeji Zefania amepona ule mguu wake. Mimi ni mzima, ila mkono wa kushoto unauma, nitakueleza sababu.

Lakini dada, kabla hujasoma mstari mwingine, inuka. Kama kuna moto ndani, utoe. Toa makaa yote, na yale unayoyafukia kwenye jivu kule chumbani kwa ajili ya mtoto. Mfunike Leah vizuri, na akilia baridi mwache alie. Kisha rudi usome, na mtu yeyote mwenye bomba la dawa mgongoni asivuke mlango wako mpaka ufike mwisho wa barua hii.

Umetoa? Haya, sasa kaa chini.

Unaijua kazi yangu hapa, mimi ndiye mchanganyaji wa dawa ya mbu. Dawa yenyewe ni unga mweupe usiokubali maji, unayeyuka kwenye mafuta tu. Tukiupulizia ukutani mafuta yanakauka, unabaki weupe unaometameta kama chumvi, na mbu akitua hapo amekwisha. Bwana Afya alitufundisha tangu siku ya kwanza kwamba kazi yote iko kwenye kuchagua mafuta. Alisema tutumie mafuta ya taa peke yake, ingawa yananuka na yanachelewa kukauka, kwa sababu hayashiki moto upesi. Nasi kila nyumba tuliwaambia watu watoe vyakula, mifugo na moto. Watu walitoa, lakini wenye watoto wachanga walificha kaa moja mawili kwenye jivu, tukajifanya hatuoni. Miezi mitano hakukutokea neno.

Jumatano tulikuwa upande wa Mandewa, kwa mzee Mughwai. Mkwe wake Anastazia amejifungua juzi juzi, basi nawe unajua, kaa halikosi kwenye jivu. Yeye na mtoto walikuwa nje kivulini, namshukuru Mungu kwa hilo. Aliyeingia na bomba ni Gasto, yule mwenzangu mcheshi niliyekuja naye kwenu Krismasi, aliyekula ugali wako mpaka ukamwuliza kama nyumbani kwao kuna njaa. Akiwa ndani akapaza sauti kwamba bomba linavuja na mgongo wote unamwingia baridi kama kamwagiwa maji ya kisimani. Nikamtania kwamba anazeeka, amalize kazi tukaote jua. Watu wakacheka.

Dada, sikuona moto ukianza. Nilisikia kishindo tu, kisha mlango wote ukawa mwekundu. Nilimvuta Gasto kwa mguu, ndipo nilipoungua mkono. Nyumba imeteketea, na mtama wao wa mwisho uliotolewa ukaegemezwa ukutani nje umeteketea nao, na mavuno bado. Gasto amelazwa kifudifudi, mgongo hauna ngozi. Daktari nikimwuliza anaenda kwa mgonjwa mwingine.

Sasa wanasema Gasto aliingia anavuta sigara. Kila mtu anajua anavuta, basi limekuwa neno la mji mzima. Askari ameketi mlangoni pa wodi, na mzee Mughwai ameapa kwamba Gasto akipona atamfikisha mahakamani. Waliniuliza mimi niliyekuwa mlangoni kama nilimwona akivuta. Nikajibu kwamba sikuangalia. Haki ya Mungu dada, hayo ndiyo maneno yaliyonitoka. Na wakati nayasema, sigara zake na kiberiti chake vilikuwa mfukoni mwangu, kwa sababu alinikabidhi kabla ya kuingia, kama alivyofanya kila siku. Viko hapa mezani naandika navitazama.

Nazunguka. Acha niseme.

Unakumbuka mwaka jana walipopulizia kwenu ulivyokasirika? Ulisema unga unanuka taa, uji unanuka taa, hata maziwa yako mwenyewe yananuka taa, na kwamba mimi ndugu yako nimewaletea uchafu huo na mwaka huu hutafungua mlango. Shemeji alicheka, mimi sikucheka. Nikawaza, Leah alelewe kwenye nyumba yenye mbu kwa ajili ya harufu? Basi wiki iliyopita nilichota petroli kwenye pipa la lori, nikayeyusha dawa humo, nikajaribu kwenye kipande cha bati. Loo! Kufumba na kufumbua bati limekauka, limebaki jeupe safi, na jioni halinuki kitu. Nikajiona nimewapita Wazungu akili. Sikuwaza kwamba petroli inalegeza mpira wa bomba mpaka linavuja. Sikuwaza kwamba mvuke wake hautulii ilipomwagika, unatambaa sakafuni mpaka ukute kaa lililofichwa. Hayo yote Bwana Afya alikwisha kuyasema, nami nilikuwepo.

Moto ule niliuwasha mimi, Selina. Gasto hakuwasha kitu.

Nilitengeneza madebe matatu. Moja ndilo nililompa Gasto, na sikumwambia. Mawili yako njiani kuja kwako. Niliyapiga mstari mweupe, alama ya mafuta ya taa, nikamwomba Laurian, msimamizi wa kikosi cha huko, ayaweke pembeni kwa nyumba ya dada yangu, aanze nayo Jumatatu. Laurian ni mtu wa neno lake, ataanza nayo kweli. Aliondoka Jumanne, kabla ya haya, na hajui lolote.

Leonidas dereva anapita kwenu kesho akienda Kiomboi, ndiye atakayekukabidhi barua hii mkononi. Madebe hayo yasifunguliwe. Yawekwe kivulini mbali na nyumba, na asitokee mtu akachota kutia kwenye taa, atakufa. Ningemwandikia Laurian mwenyewe, lakini Laurian hajui kusoma, anajua alama tu, na alama niliyompa ni ya uongo. Kwa hiyo itabidi umsomee wewe. Atabisha, atasema mstari ni mweupe. Msomee yote tangu juu, mbele ya watu wote watakaokuwepo, ili asibaki mtu wa kusema ni wivu wa wanawake au hofu ya mzazi. Najua utaona aibu. Ukifika penye Gasto, usipunguze sauti.

Bwana Afya anarudi kutoka Manyoni alasiri hii. Nitakuwa nimesimama mlangoni pake na kiberiti hiki mkononi. Baada ya hapo sijui nitalala wapi, wala lini nitamwona Leah.

Nisalimie shemeji, nibusie mtoto. Mama akiuliza, mwambie ukweli, usimwambie naumwa. Na ukimaliza kumsomea Laurian, jina lililo hapa chini lisome pia, usiliruke.

Ni mimi ndugu yako,
Filipo