Pizza ya Darla, Upande wa Kulia

Jumatatu, 4 Februari

Mke wangu Darla kapimwa uzito leo. Ratili mia moja na mbili. Daktari, kijana mdogo tu, kasema akishuka chini ya mia dawa inasimama, mwili hautaihimili. Atampima tena Jumatatu ijayo. Alisema kwa upole sana. Heri angefoka.

Tatizo ni mdomo. Dawa zimemwachia ladha ya msumari. Supu, msumari. Mayai, msumari. Hata keki ya dada yake, naye hiyo keki aliipenda kuliko anavyonipenda mimi.

Garini nikamwambia ataje chochote, nitaleta. Mimi niliyevua kwenye tundu la barafu samaki aliyeburuta kibanda changu cha kuvulia mpaka katikati ya ziwa lililoganda — nishindwe na chakula? Tukapita kanisa. Kisha akasema anataka pizza. Siyo ya dukani. Ile yako, Dale, uliyokuwa ukitupikia kwenye baa ya Orv.

Nikasema hilo dogo.

Jumanne, 5 Februari

Si dogo.

Daftari hili halisomwi na mtu, basi niseme. Sijapika pizza tangu nizaliwe. Miaka kumi na minne nyuma ya kaunta ya Orv, na zote zilitoka kwenye friza. Unachana plastiki, unasukuma ndani ya kile kioveni cha kaunta, unakata vipande vya mraba, unapeleka. Lakini Darla alipoingia mara ya kwanza na lile koti lake jekundu, akauliza nani kapika. Ningesema kiwanda? Nikasema mimi. Nikaongeza mpishi Mtaliano wa meli za Ziwa Superior, mwenye mkono mmoja, niliyemvuta kutoka kwenye barafu kwa mshipi wa kuvulia, naye kwa shukrani akaniachia siri ya unga. Tulipofunga ndoa Mtaliano alikuwa na mkono mmoja na jicho moja. Kadiri miaka ilivyokwenda ndivyo nilivyompunguza.

Na kiwanda chenyewe, kile kidogo cha ng'ambo ya mto, kilishafungwa zamani.

Nikaenda kwa Kirsten, binti wa dada yangu. Yeye ndiye anayepanga friza pale duka la vyakula. Nikamweleza yote, nimesimama mbele ya njegere. Alicheka mpaka miwani ikaingia ukungu.

— Kwa hiyo mjomba, hakuna Mtaliano?

— Hakuna.

— Na yule dubu aliyekusukumia gari?

Nikamwambia dubu tumwache, hahusiki.

Akaendelea kufuta macho hata baada ya kicheko kwisha. Akaniuliza Darla amebaki ratili ngapi. Nikamwambia. Akaanza kunijazia kigari. Aina sita za pizza.

Jumatano, 6 Februari

Ya kwanza: chini ngumu, nusura nidhani nimesahau kuitoa kwenye boksi. Darla katafuna kidogo, kaitema kwenye karatasi.

Ya pili: jibini ilitoka yote kwa pamoja kama shuka. Kaitema.

Ya tatu ina majani mabichi. Sungura wangefurahi.

Ya nne nimeipika jioni. Mkate wake mwembamba, unavunjika kama biskuti, soseji ndogo ndogo. Hii kaimeza. Vipande viwili, vya ukubwa wa stempu. Nikashika meza. Akasema inakaribia, Dale, lakini siyo yako. Kuna kitu hakipo. Nikamwambia labda unga wa siku hizi. Akasema labda.

Maboksi nayafukia kwenye theluji nyuma ya gereji.

Alhamisi, 7 Februari

Ya tano, hapana. Ya sita, hapana. Mizani ya bafuni: mia moja, na nusu ratili.

Ijumaa, 8 Februari

Kwa Orv. Ana miaka themanini na moja, baa kaiuza, lakini lile friza lake la chini ya nyumba bado limejaa. Nilidhani huenda limebaki boksi moja la zamani. Tukapekua mpaka vidole vikafa ganzi: kulungu, kulungu, samaki, kulungu. Halikuwapo.

Akakaa juu ya ndoo. Akaniuliza natafuta nini hasa, zile pizza zilikuwa za kawaida tu. Nikasema Darla anasema kuna kitu hakipo.

— Si kuungua? — akasema. — Kila iliyopita mkononi mwako iliungua, upande wa kulia, nyuma ya oveni kule kwenye moto mkali. Mtu anasubiri chakula, wewe unavuta Wataliano majini. Watu walinirudishia sahani. Mkeo tu ndiye hakuwahi kurudisha.

Nikasema vizuri, basi nitaiunguza, na Darla asijue kamwe imetoka wapi.

Orv akaniangalia. Akaniuliza Darla alikuwa akivutia wapi sigara siku zile.

Mlango wa nyuma, nikasema.

— Na pipa la maboksi lilikuwa wapi?

Hapo hapo, mlango wa nyuma. Akanisaidia kubeba mpaka garini kile kioveni cha baa, alikihifadhi chini ya nyumba. Bado kina makombo ya miaka ile. Niliwasha injini nikakaa, vioo vikaganda kwa ndani, sikuweza kuondoka upesi.

Miaka ishirini na tisa. Alijua tangu mwanzo, na kila mgeni akija mezani kwetu yeye ndiye aliyesema, Dale, wasimulie yule Mtaliano.

Jumapili, 10 Februari

Adhuhuri. Jua juu ya theluji, macho yanauma. Jana alilala kutwa, alikunywa maji tu. Sijamweka kwenye mizani. Kesho wataona wenyewe.

Kioveni kipo mezani jikoni. Ndani ni ile ya nne ya Kirsten. Safari hii boksi sikulifukia. Nimeliacha wazi kando ya chumvi, jina juu. Darla kaketi mbele yangu na blanketi mbili, kofia yangu ya kuwindia kichwani. Kaliona. Kaliangalia kidogo, kisha kaligeuza, jina likalala chini, akaweka kikombe chake juu yake.

Akasema, enhe. Yule Mtaliano.

Nikafungua mdomo. Hakuna kilichotoka. Mimi! Nikachukua daftari, nikasema ngoja kwanza niandike samaki wa wiki hii. Kasema andika, niko hapa. Anajua sijavua hata mmoja.

Boksi linasema dakika kumi na mbili. Zimepita. Upande wa kulia umeanza kunuka kuungua. Amefumba macho, ananusa. Nimeanza: baridi ilikuwa kali siku ile, barafu inalia, naye kaning'inia pembeni ya tundu kwa mkono —

Kauliza bila kufumbua macho: safari hii anayo mikono mingapi?

Nimesema miwili. Na jicho nimemrudishia. Moshi unatoka, na bado sijainuka.