Mama Boi Hajaenda Ushago

Alhamisi, 20 Desemba 2007

Sella amewamaliza leo! Tulijazana kwangu hapa Kisumu Ndogo, Kibera, kuangalia mchezo wa Plot Tisa, wengine wamekalia ndoo, na Sella mwenyewe kwa kona amejifunika leso, hataki kujiona. Jirani yangu, muuza dagaa wa omena, ndani ya TV ya nchi nzima!

Keateka, mwangalizi wa plot, anamwambia Mama Boi, ndiye Sella, ahame. Mwigizaji mwingine angepiga nduru. Sella amecheka kidogo tu, halafu akanyamaza. Huo unyamavu! Hata watoto walitulia. Wale wengine wote wanaigiza na nyusi.

Simeon, mwandishi wao, anajua vile watu wa plot huongea. Akifika kwa mapenzi anaandika kama kadi ya salamu ya duka. Lakini bado namweka juu ya yule Mzungu aliyeandika ile DVD ya polisi mlevi inayosifiwa Nairobi yote. Ati drama ya hali ya juu! Picha safi, sikatai. Mvua yake inanyesha vizuri. Lakini kila mwanamke ni wa kulia ama wa kufa. Huyo anaogopa wanawake, na anaficha woga wake kwa giza.

Jumapili, 30 Desemba

Wametangaza matokeo ya kura ya rais. Dakika hiyo hiyo kelele, halafu moshi. Serikali imepiga marufuku habari za moja kwa moja. TV inacheza nyimbo za kwaya na nje risasi zinalia. Nimeizima. Sijawahi kuona uongo mbaya hivyo kwa screen.

Jumatano, 2 Januari 2008

Soko la Toi limekwisha. Kibanda changu cha mapazia — jivu. Sikulia pale. Nimelia sasa.

Upande mmoja wa plot yetu umechomwa. Mama Wagaki wa Kawangware, mteja wangu wa miaka, mjane mwenye plot yake, amenipigia. Kuja, Kalondu, kuna room. Sella amenibebea TV mpaka Ayany, ukingoni mwa Kibera. Nikamwambia twende wote. Akakataa.

“Wewe Mkamba watakuacha,” akasema. “Mimi Mjaluo huko kwa Wakikuyu nani atanitetea?”

 Tulishikana mikono kama watu wa kanisa, basi.

Jumatano, 9 Januari

Jana mtu wetu wa Ukambani amepewa kiti cha makamu wa rais. Kibera wanasema Wakamba wamewauza kwa walioiba kura. Nimeshika simu muda mrefu kabla ya kumpigia Sella. Sauti yake ile ile. “Ni wewe? Umekula?”

Nimekula, nikasema. Ilikuwa uongo lakini nilishiba.

Jumapili, 13 Januari

Simeon amekuja! Yeye mwenyewe! Ni mpwa wa Mama Wagaki, na mama huyu hajawahi kuniambia miaka hii yote. Mwembamba, viatu vina matope, anakula haraka. Mahali pao pa kushutia Plot Tisa hapafikiki, kwa hivyo Jumamosi watashutia hapa uani.

Nilimsifu kwanza. Nikamwambia na ile ya kadi. Akacheka, akasema mke wake humwambia hivyo hivyo. Halafu nikauliza, Mama Boi ana scene gani?

Akasema akiangalia sahani. Wakubwa wa stesheni hawataki sura ya Mjaluo kwa sasa, watazamaji wengine watakasirika. Ataandika kwamba Mama Boi ameenda ushago, kijijini kwao. Mpaka mambo yapoe.

“Ameenda na nani?” nikauliza. “Ameaga nani?”

“Dada, si mimi. Mimi naandika tu.”

“Basi andika! Huyo mama amekataa kufukuzwa na keateka, sasa anafukuzwa na kalamu yako?”

Mama Wagaki akaniangalia kama mtu aliyemwagiwa maji. Nikajua nimepita mpaka, niko kwa nyumba ya watu. Simeon hakukasirika. Alisema, akikataa, watamwondoa na kuleta mwandishi mwingine, na huyo mwingine atamfanya Mama Boi mwizi. Hilo sikuwa nimelifikiria. Ni mwoga, lakini si mjinga. Akaenda bila kumaliza chakula.

Mama Wagaki ameondoa sahani yake. Akienda kulala ndiyo amesema: “Mimi pia hupenda vile huyo mama hucheka.”

Alhamisi, 17 Januari

Kibera polisi na vijana wanapigana siku ya pili. Simu ya Sella haishiki.

Simeon amepiga. Ameandika scene! Mama Boi yuko ndani, kurasa nne, na ametuma mtu Kibera kumwambia Sella. Wakubwa wa stesheni hajawaonyesha. Ati wakimfuta kazi, wamfute wakiwa wameiona.

Nimejivunia mtu ambaye si ndugu yangu.

Jumamosi, 19 Januari

Sella amefika! Kwa miguu kutoka Kibera, nguo za Mama Boi kwa mfuko wa plastiki, mguu mmoja umechubuka. Nikamkumbatia, akasema nimekonda, mapazia yalikuwa yananinenepesha. Sella!

Tulikuwa tumeanza tu. Mimi nimepewa kushika bango jeupe la kurudisha mwanga. Vijana wa mtaa wakagonga gate.

“Mathe, tumesikia kuna mgeni. Ni wa wapi?”

Mama Wagaki akatoka vile alivyo, na kitambaa cha kichwa. “Ni wa kwangu.”

“Si tunauliza tu, mathe. Tunataka jina.”

“Jina langu unalijua. Nilikubeba mgongoni ukiwa na surua.”

Wakacheka, wakaondoka. Lakini mmoja amesema wanarudi wakiwa wengi, na hawatabisha.

 Simeon anataka tufunge vyombo, Sella apitishwe nyuma kwa gari ya kamera. Mtu wa kamera ameshaanza kukunja nyaya. Sella amekaa, anajifunga leso ya Mama Boi, pole pole. Amesema hakutembea kutoka Kibera kuja kupitishwa nyuma.

“Kurasa nne,” amemwambia Simeon. “Tumefanya moja.”

 Mama Wagaki ametoa kufuli kubwa la kufunga gate na sasa anatafuta funguo. Mtu wa kamera amesimama, nyaya mkononi, anamwangalia Simeon. Simeon anamwangalia Sella. Na Sella ananiambia niache kuandika, niinue bango, mwanga unamkimbia usoni.