Yumi Alipotoka Nje

Mpwa wangu Furaha,

Durban nzima inakusalimu, maana hapa Albert Park hakuna asiyenijua. Mke wangu ni mzima, saluni yake iko na wateja.

Unauliza utawaambia nini wanafunzi wageni mnaotumwa kwao. Sikiliza. Wiki ile kanisa letu lilipotutuma kwa Wajapani waliokuja Umbilo kusoma Kiingereza, mimi ndiye niliyeiokoa misheni. Tulianza kuomba kama kwetu, wote kwa pamoja, kwa sauti ya kubomoa Yeriko. Eish! Watoto wa watu wakaenda kujibana ukutani. Msichana mmoja, Yumi, akatoka nje kabisa.

Mchungaji akaninong'oneza, "Papa Kalume, mfuate, kesho wanarudi kwao. Lakini wewe na hiyo sauti yako, nyamaza!"

Nikakaa karibu naye kwenye ngazi, kichwa chini, kimya. Baadaye akanigusa bega. Akasema bibi yake ni mgonjwa sana. "Umuombee naye, polepole hivyohivyo unavyoomba." Nikamuombea kwa kunong'ona. Akalia, akanishika mkono.

Basi usihangaike na maneno, mama. Kaa nao kwanza.

Ila hili usimwambie mtu: pale kwenye ngazi sikuwa ninaomba. Shibe ya fufu ya mchana ilikuwa imenilaza, na aliponigusa bega ndipo nilipoamka.

Mjomba wako,
Kalume